Namna ya kumwita ayala kwa sauti: mwongozo wa mwindaji mgeni Kentucky

Msimu wangu wa kwanza wa kuwinda hapa Kentucky nilipanda mtini kungali giza, nikakaa hadi saa nne asubuhi nikipuliza filimbi ya kuitia ayala kila baada ya dakika tatu au nne. Sikuona hata mkia. Nilipoteremka na kuzunguka nyuma ya mti, kama hatua 60 hivi, nikakuta nyayo mpya kwenye umande ulioganda. Kwato pana zilikuwa zimepanda moja kwa moja kutoka bondeni, zikasimama nyuma ya mwerezi, zikakanyagakanyaga mahali pamoja, kisha zikarudi zilikotoka kwa kuruka. Kumbe alikuja! Alinisikia, akaja kwa upande ambao sikuwa nauangalia, akapata harufu yangu, akaenda zake. Na mimi huku juu bado napuliza tu.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba kupuliza ndiyo kazi nyepesi. Kazi ni kujua mnyama atakuja kwa njia ipi, na kunyamaza akiwa njiani.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Huyu mnyama wa mkia mweupe, ambaye Waswahili wengi wa Lexington na Louisville humwita swala au kulungu, si swala wala si kulungu. Pembe za swala wetu hazidondoki. Huyu hudondosha zake kila kipupwe na kuotesha nyingine, na jike hana pembe. Afrika jamii yake ya asili iko kaskazini tu, Algeria na Tunisia. Jina lake kwa Kiswahili ni ayala, yule wa Zaburi ya 42, nami nitatumia hilo.

Karatasi na nguo, kwa ufupi

Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye anatakiwa awe amepita kozi ya usalama wa uwindaji. Isome hata kama umri wako hauilazimishi. Halafu leseni, kibali cha ayala, na ruhusa ya mwenye shamba. Kama wewe si raia, uliza mtu anayejua sheria za uhamiaji kabla hujagusa bunduki. Masharti hutegemea hadhi yako, na neno la rafiki halitoshi.

Msimu wa upinde hufunguliwa Septemba, na ule wa bunduki za kisasa Jumamosi ya pili ya Novemba. Siku za bunduki ni lazima uvae rangi ya chungwa inayowaka kichwani, kifuani na mgongoni. Usiogope kwamba ayala atakuona: macho yake hayaitofautishi vizuri rangi ya chungwa na majani makavu. Rangi anayoiona vizuri ni bluu, kwa hiyo jinzi ibaki nyumbani.

Chungwa ina uzito zaidi kwa mtu anayeita. Unatoa sauti ya mnyama kichakani huku wenzako wamebeba bunduki. Usitoe leso nyeupe, maana mkia wa ayala ni mweupe. Ukiona mtu anakuja upande wako, acha filimbi, usipunge mkono, sema kwa sauti ya binadamu, "Hey, I'm over here!" Uwindaji wako wa asubuhi utaharibika, lakini utarudi nyumbani.

Kalenda ya mwilini mwake

Wito uleule unaomleta dume mbio tarehe 5 Novemba utamfanya ainue kichwa tu Septemba. Urefu wa mchana ndio unaoamua. Siku zinapofupika, madume huvua ngozi laini ya pembe, huachana na wenzao waliokula nao kiangazi kizima, huanza kukwaruza ardhi na kusugua miti. Kentucky kilele cha majike kupandwa ni katikati ya Novemba. Ukitaka kuhakikisha, hesabu: mimba ya ayala ni siku 200 hivi, na watoto utawaona mashambani kuanzia mwisho wa Mei hadi Juni.

Jike hukaa kwenye joto, yaani tayari kupandwa, siku moja au mbili tu. Asipopandwa, joto hurudi baada ya siku 28 hivi, ndiyo maana kuna msisimko mdogo tena katikati ya Desemba.

Kwangu mimi dirisha bora la kuita ni tarehe 25 Oktoba hadi 10 Novemba. Madume wana hamu na majike wengi bado hawajawa tayari, kwa hiyo wanahangaika na wanasikiliza. Kilele kikifika mambo hugeuka: dume mkubwa amepata jike wake, amelala naye kichakani, na hana sababu ya kumfuata mwenzake anayeguna mlima wa pili. Siku hizo watu husema ayala wamekwisha. Hawajakwisha, wana shughuli.

Sauti zenyewe

Zipo nyingi, lakini wewe unahitaji tatu, na ya nne ya akiba.

Ya kwanza ni mguno. Ni sauti fupi, nzito, yenye mkwaruzo, kama nguruwe aliyeshiba anapojigeuza bandani. Haizidi sekunde moja. Unaweza kuitoa kwa koo lako: legeza midomo, acha mdomo wazi kidogo, sema "eghh" kutoka kifuani huku kiganja kimekunjwa mbele ya mdomo. Wengi hutumia filimbi, yaani mrija wenye ulimi wa plastiki ndani. Usiipulize kama mtu anayewasha mkaa. Toa pumzi ya moto kutoka tumboni, kama unavyopulizia miwani kabla ya kuifuta. Ukipuliza kwa mashavu, ulimi utapiga kelele nyembamba kama bata, na ayala wa kaunti nzima watajua umeinunua jana.

Mguno mmoja au miwili ya chini maana yake ni "nipo hapa." Hii unaweza kuitoa msimu mzima, haimtishi mtu. Dume anayemfuata jike, yeye huguna mfululizo, mguno mfupi karibu kila hatua: egh, egh, egh, egh, kumi au kumi na tano, kisha kimya, kisha tena. Huu ndio mguno wa Novemba. Dume mwingine akiusikia anaelewa kwamba hapo kuna jike, na kwamba mwenzake yuko karibu kumpata. Hilo ni jambo la kumkera dume yeyote. Unapoiga, igiza mwendo: geuza mrija kushoto, pole pole upeleke kulia, kama mnyama anayepita nyuma ya kichaka.

Ya pili ni mlio wa jike. Fikiria mwanambuzi mwenye mafua: "meee" ya puani, sekunde moja na nusu, inayoshuka kidogo mwishoni. Madukani kuna kikopo kinachotoa sauti hii chenyewe. Unaziba tundu kwa kidole gumba, unakipindua, kinalia. Ni kifaa cha kitoto, tena kinafanya kazi. Shida yake ni mikono miwili na mwendo mkubwa; ayala akiwa karibu hutathubutu kukitumia. Kwa hiyo jifunze pia kulia kwa mdomo, maana sauti hiyo utaihitaji mwisho wa safari.

Ya tatu ni mlio wa mtoto aliye taabuni: mwembamba, wa juu, unaorudiwa kwa haraka. Huu haumwiti dume, unamwita mama. Rafiki yangu aliyekulia upande wa Ituri aliponisikia nikiufanyia mazoezi alicheka, akabana pua kwa vidole viwili na kutoa sauti kama ya mtoto anayelia ndani ya gunia. Ndivyo wawindaji wa misitu ya Kongo wanavyowaita paa wadogo tangu enzi za babu zao, bila kununua kitu. Tuliijaribu Septemba kando ya shamba la mahindi, na jike mmoja akaja anakimbia hadi mita 15. Nilishusha upinde. Alikuwa na mtoto wa mwaka ule, na mlio huo tangu hapo siutumii kirahisi. Unaita pia koyoti, mbwa-mwitu wadogo wa huku.

Ya akiba ni ukorofi wa dume mkubwa: pumzi mbili tatu fupi za puani, kisha moja ndefu yenye mluzi, "ff, ff, ffffiiii." Haihitaji kifaa, meno na ulimi vinatosha. Ni matusi ya mtu anayejiona mwenye mtaa. Dume mkubwa aliyepuuza miguno yako yote anaweza kugeuka kwa hasira, masikio yamelala nyuma, nywele za shingo zimesimama. Dume mdogo atakimbia. Kwa hiyo uitoe tu ukiwa unamwona na umemkadiria, usiipige gizani.

Kuna filimbi za kungurumisha pia, zinauzwa ghali. Mimi sijaona faida yake. Nunua soksi nzito.

Na kuna sauti moja ambayo hutaki kuisikia: pumzi kali ya ghafla, "fyuu!", pengine na kwato kupigwa chini. Huyo ni ayala aliyekushtukia, na anawatangazia wenzake. Kulungu wa kwetu hubweka kama mbwa kwa sababu hiyohiyo.

Mazoezi

Anza Agosti. Rekodi kwa simu iliyowekwa mita 30 mbali, si mkononi mwako, kwa sababu mguno unaosikika vizuri masikioni mwako ukifika mbali huwa kitu kingine. Sikiliza rekodi za ayala halisi, halafu yako, halafu tena za ayala. Fanyia ndani ya gari. Mke wangu alinihamishia huko baada ya jirani kuuliza kama tunafuga mbuzi kwenye apatimenti.

Jifunze kwanza kuguna kwa sauti ya chini. Kila mtu anaweza kupiga kelele. Ugumu ni kuguna polepole bila ulimi wa plastiki kukwama. Siku za baridi mate hugandia humo ndani na filimbi inabaki bubu, kwa hiyo iweke ndani ya koti, karibu na kifua, na uikung'ute kila ukimaliza.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia waliwahi kupima masikio ya ayala wa mkia mweupe: husikia kuanzia karibu hezi 250 hadi 30,000, na husikia vizuri zaidi kati ya 4,000 na 8,000. Mguno ni sauti nzito, uko chini ya hapo. Zipu ya koti, nailoni inayosuguana kwapani, kijiko kinachogonga chupa ya chai, hivyo ndivyo vilivyo kwenye uwanja wake. Vaa sufu au kitambaa laini, na kabla hujapanda mtini, tembea sebuleni ukiwa umevaa kila kitu ujisikilize.

Mahali pa kukaa

Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ayala aliyesikia mwenzake haji kwa mstari ulionyooka. Anazunguka aje upande ambao upepo unatoka kwako kwenda kwake, anuse kwanza ndipo aonekane. Macho yanaweza kumdanganya, pua hapana. Dume mzee hufanya hivyo karibu kila mara. Kwa hiyo usikae ukitazama upepo unakotoka kama vitabu vya wanaoanza vinavyosema, ukadhani umemaliza. Jiulize: akizunguka nyuma yangu, atapita wapi?

Kuna majibu mawili. La kwanza ni kuweka mgongo wako kwenye kitu asichopenda kupita: mto wenye kina, bonde lenye kuta, uwanja mpana usio na kichaka. Akikosa njia ya nyuma atalazimika kuja kwa mbele au kwa ubavu. La pili, ninalolipenda zaidi, ni kuiacha njia hiyo ya nyuma wazi lakini nyembamba, na kuweka dungu, yaani kikalio changu cha mtini, pembeni yake, ili harufu yangu ipite kando kidogo ya anapopita yeye. Anapoelekea kunusa ndipo anapopita mbele ya upinde.

Beba kichupa cha unga wa watoto, ile poda ya kupaka. Kiminye, tazama unga unakwenda wapi, tena usitazame hatua mbili tu, ufuate hadi upotee. Vilimani unga utakufundisha mambo: alfajiri hewa baridi inateremka bondeni kama maji kwenye mfereji, jua likipiga mteremko inaanza kupanda. Dungu lililokuwa salama saa kumi na mbili linaweza kuwa baya saa tatu. Likiwa baya, ondoka. Ukilazimisha utamfundisha ayala kuwa mti ule una mtu.

Jambo la pili ni macho yake. Anaposikia sauti, anajua imetoka mti gani, na akifika mahali ambapo angepaswa kumwona mnyama na hamwoni, anasimama. Kwa hiyo usiite katikati ya uwanja mweupe. Tafuta ukingo wa kilima, mierezi iliyosongamana au mabua ya mahindi, kiasi kwamba ili aone yaliyoko lazima awe ndani ya mita 30 kutoka kwako. Ukiwa juu ya mti, puliza kwa kugeukia shina au nyuma yako, sauti ionekane inatoka mbali zaidi na chini.

Na jifunge mkanda wa usalama tangu mguu unapoondoka ardhini. Kuna watu wanaoogopa risasi, wakaja kuumizwa na ngazi.

Asubuhi yenyewe

Sheria inaruhusu kuwinda kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Uwe umekaa mapema zaidi, na usiite. Acha msitu ukusahau kwa dakika 20 au 30. Kukipambazuka vizuri, guna mara mbili kwa sauti ya chini kabisa, kwa sababu pengine yuko mita 50 na hujamwona. Kimya dakika chache. Kisha miguno mitatu minne ya kiasi, ukigeuza mrija pande mbili. Kama ni Novemba, milio miwili ya jike, na baada yake miguno ya mfululizo. Hapo weka filimbi chini.

Sasa subiri nusu saa. Angalia saa, maana dakika tano za kukaa kwenye baridi zinafanana na nusu saa. Mimi siku hizi huita mara moja kila dakika 30 au 40, basi. Siku tulivu mguno hufika mita 100 na zaidi kidogo. Upepo ukivuma, haufiki nusu ya hapo na itabidi uongeze sauti.

Ukimwona, mambo yote hubadilika. Anakuja upande wako mwenyewe? Usiite. Amesimama anakutazama? Usiite, usipepese. Anakwenda zake, umeona mgongo au ubavu? Guna mara moja, halafu mtazame sikio. Likigeuka, au akisimama na kuinua kichwa, amesikia, nyamaza kabisa. Asipoonyesha dalili yoyote, rudia kwa sauti zaidi mpaka asikie. Akisikia akasita, kisha akapiga mkia na kuendelea na safari, mwongeze moja akiwa amekupa mgongo. Kosa la wengi ni kumjibu ayala aliyekwisha kuitika. Alikwisha kukubali kuja. Kila mlio wa ziada unamwelekeza macho kwenye mti wako.

Pembe za kugonganisha zinaendana na miguno kuanzia mwisho wa Oktoba. Gonganisha na kusugua kwa dakika moja au mbili, kanyaga majani, vunja kijiti, kisha guna. Kwenye mashamba yenye madume wengi huwa na nguvu sana. Kwenye ardhi ya umma, msimu wa bunduki, ninaziacha garini kwa sababu ya usalama.

Akishafika

Ayala anayetembea hapigwi vizuri. Vuta upinde au inua bunduki kichwa chake kikiwa nyuma ya mti, na akitoka, lia "meh" moja fupi kwa mdomo. Atasimama papo hapo akitazama kwako. Una sekunde mbili tatu. Usilie kabla hujawa tayari, maana hatasimama mara ya pili. Waislamu, Bismillahi isemwe wakati wa kufyatua. Lenga nyuma kidogo ya bega, na kama mwili wake haujakaa upande mzuri, mwache apite.

Baada ya hapo kaa. Kwa mshale, nusu saa angalau kabla ya kufuata damu. Ukimpata, andika kwenye kumbukumbu zako za mawindo kabla ya kumsogeza, na umsajili kwa simu au mtandaoni kabla ya saa sita usiku wa siku hiyo. Angalia pia kama kaunti yako iko kwenye eneo la ugonjwa wa kukondesha ayala. Kentucky iliutangaza kwa mara ya kwanza Desemba 2023, kaunti ya Ballard, na kwenye maeneo hayo kuna masharti ya kupima na ya kusafirisha kichwa na uti wa mgongo.

Na ikifika saa nne hujaona kitu, usiondoke bado. Teremka taratibu, uzunguke upande ambako unga wako ulikuwa unakwenda, utazame chini. Ukikuta nyayo zilizosimama na kugeuka, pima hatua kutoka hapo hadi kwenye mti. Kesho dungu lihamie huko.